Folda Tupu ya Maabara

Mimi ni karani wa shamba la chuo, huku upande wa Kiganjo, na kompyuta nilijifunzia kazini. Siku moja kompyuta yangu iliharibika, nikatumwa maabara kutumia mashine ya Unix, ambayo unaiandikia amri badala ya kubofya. Nikafungua folda ya pamoja, ambamo kila idara huweka faili zake. Ilikuwa tupu. Nikajua nimezifuta zote na kazi yangu imeisha, maana ni nani mwingine alikuwa ameketi pale?

Nilikwenda kukiri kwa fundi wa mtandao kabla mwanafunzi hajasingiziwa.

"Mzee, ulifuta na amri gani?"

"Sijui, lakini kidole ni changu."

Akacheka, akaandika jina la idara yetu. Faili zetu zikatokea zote.

"Hapa folda ya idara haionekani mpaka uiite na jina. Si hata ng'ombe zako huwa unaita ndio zikuje?"

"Hapana, zikisikia ndoo zinakuja zenyewe," nikasema, kwa kuwa ndiyo kweli.

Kazi yangu ilikuwa imepona. Hata hivyo nilimwomba tufungue folda za idara nyingine moja moja, tuhakikishe, naye akanivumilia mpaka ya nne.