Joho la Mshindi

Mtu akinitajia mieleka, hasira zinanipanda hadi leo, na kichwa kizima kimeshajaa mvi. Wanangu wanacheka. Wacheke tu, si wao walioshika mkasi.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa fundi cherehani katika ushirika wetu wa akina mama, barazani, Kariakoo. Mdogo wangu wa kiume alikuwa kuli bandarini. Alikuwa na mwili, jamani! Chumbani kwetu aliingia kwa ubavu. Basi likaja kundi la wanamieleka wanaozunguka nchi, wakatangaza mapambano matatu Jumamosi alasiri. La mwisho walitaka mtu wa hapa hapa mjini apambane na bingwa wao, bwana mmoja mwenye upara. Wakamchagua mdogo wangu, wakamwambia akiwapendeza wanamchukua moja kwa moja, aachane na magunia. Mgongo wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua na thelathini hajafika. Kwa hiyo nilitaka ashinde, tena nilitaka kuliko yeye.

Jirani yetu pale barazani alikuwa Mchaga mwenye duka, sote tukimwita Mangi. Mwezi ule dukani kwake mlikuwa na viberiti na chumvi, basi, kwa hiyo nafasi ya kubashiri alikuwa nayo tele. Akaandika kwa chaki mlangoni nani atashinda pambano la kwanza na nani la pili. La tatu akaandika Upara.

"We Mangi," nikamwambia, "huna haya? Mdogo wangu kila siku ananunua kwako, halafu unamwandika Upara?"

"Dada, usinune. Mdogo wako ana nguvu za kubeba, za kuangusha hana. Gunia halijawahi kumkaba mtu shingo."

Nilimpa vidonge vyake pale pale, wateja wakisikia. Nikachukua kitambaa changu cha kufutia cherehani, nikamfuta Upara, nikamwandika mdogo wangu. Kesho yake nikakuta Upara karudi. Nikafuta tena. Tulikwenda hivyo siku nne, watu wazima na akili zetu.

Jumatano akaja mkuu wa lile kundi na satini nyekundu, kitambaa ambacho ushirika wetu haukukigusa mwaka mzima.

"Nataka joho," akasema. "Mshindi wa pambano la mwisho tutamvalisha mbele ya watu."

Nikamwambia vipimo vya mdogo wangu ninavyo kichwani, aniletee vya yule mwingine, nishone la kumtosha yeyote atakayeshinda. Akacheka, akanipa karatasi. "Usijisumbue, dada. Fuata hivi." Kifua, inchi hamsini na mbili. Mdogo wangu kifua chake kilikuwa inchi arobaini na nne. Yaani mshindi alikuwa ameshapimwa!

Damu ikanichemka. Mangi ndiye aliyepatia, hilo nalo likanichoma. Nilitaka kumwambia mdogo wangu, lakini jioni ile nilimkuta uani anafanya mazoezi, anaruka, anatabasamu peke yake, nikashindwa. Nikakata lile joho kwa kifua cha mdogo wangu, mabega yake na mikono yake. Kwenye mishono sikuacha hata nafasi ya kufumua na kupanua.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Mapambano mawili ya kwanza yakaenda kama mlango wa Mangi ulivyosema. La tatu, mdogo wangu alirushwa juu, akatua kwa kishindo mpaka watu wakashika vichwa. Hakuinuka. Mkuu akaleta joho, akaanza kumvalisha Upara. Mkono wa kwanza ukagoma kwenye kiwiko. Akalazimisha, mgongoni likapasuka praaa! Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Si lake hilo!" mtu akapiga kelele. "Mpeni mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukadakia: mwenyewe, mwenyewe! Mkuu akaona watamvunjia viti, akamtupia joho mdogo wangu. Akainuka, akalivaa. Pamoja na lile pasuko mgongoni, joho bado lilimkaa barabara, na kila mwenye macho akaelewa mchezo ulipangwa. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Mdogo wangu hakucheka. Alisimama tu ananitafuta kwa macho.

Nyumbani akaniuliza, "Dada, ulifanya makusudi?"

"Makusudi, ndiyo! Walitaka kukuibia ushindi."

"Hawakuniibia kitu. Wiki nzima wananifundisha kuanguka. Walisema nikianguka vizuri, Jumatatu naondoka nao."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Wewe? Ungenyamaza wewe?"

Nikamfokea tu. Jumatatu kundi likaondoka bila yeye. Mkuu alisema hasafiri na mtu ambaye dada yake amewaumbua.

Asubuhi ile nilipofika barazani, Mangi alikuwa ananisubiri mlangoni, meno yote nje. Upara alikuwa amefutwa. Mangi mwenyewe, kwa mkono wake, kaandika jina la mdogo wangu kwa herufi kubwa, akidhani ananifurahisha. Na mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anapita kuelekea bandarini, mkono mmoja kiunoni. Nilichukua kitambaa changu, nikalifuta lile jina, nikasugua mpaka rangi ya mlango ikatoka.