Daftari la Isaiah na Watawa Wakartusi

Lynette alikuwa akikunja mashuka katika duka alilofanyia kazi huko Al Barsha, Uarabuni, wakati Shafiq, rafiki wa kaka yake, alipompigia simu.

"Dada, keti kwanza."

Hakuketi. Kaka yake Isaiah, askari wa mlangoni katika hoteli moja ya Al Garhoud, alikuwa ameanguka juani akiwa lindoni. Hakuamka tena.

Jioni alipofika katika kambi ya wafanyakazi, kitanda cha Isaiah kilikuwa na mtu mwingine tayari.

"Daftari lake liko wapi?"

Hashir, msimamizi wa kambi, hakuinua hata macho. "Namba 417? Khalas, amekwisha. Makaratasi yote yako jalalani."

"Ana jina! Mama yetu alimpa jina!"

Miaka sita Isaiah alifungua mlango na kunyamaza. Kisha padri mmoja, mgeni wa hoteli, akamsimulia kuhusu Wakartusi, watawa wa kale wa Ulaya walioishi kimya, kila mmoja katika kijumba chake, chakula akipitishiwa dirishani. Tangu hapo siku zake za mapumziko ziliishia kuandika daftarini historia ya monasteri yao moja: nani aliijenga, mfalme gani aliivunja, na jinsi wanakijiji walivyobeba mawe yake kujengea mazizi. Leo pale wanalisha kondoo.

"Wewe na watawa wa Wazungu wapi na wapi?" Lynette alikuwa akimcheka.

"Hao ni askari wenzangu, Lyne. Tofauti yao na mimi, hawana supavaiza."

Shafiq, Mganda aliyelala chumba kimoja na Isaiah, alichakura jalalani akalitoa daftari, limelowa mchuzi. "Mimi Mwislamu, dada, lakini maandishi ya marehemu hayatupwi."

Mstari wa mwisho ulisema: *Walizikwa chini ya msalaba usio na jina. Nami nizikwe hivyo.*

Lynette akawaka, akamkasirikia hata marehemu. Watawa wale walimpa Mungu majina yao kwa hiari. La Isaiah lilinyang'anywa, akabandikwa namba.

"Hili sikutii, kaka. Mungu anisamehe."

Siku ya tano, kabla mwili haujapelekwa uwanja wa ndege, Lynette na Shafiq walipewa dakika kumi za kumuaga mochwari. Lynette alisali Baba Yetu na Salamu Maria. Kisha akaweka daftari miguuni pa kaka yake. Shafiq akasaidia kufunga jeneza. Juu ya mfuniko Lynette akaandika kwa wino mzito: Isaiah Sifuna Makokha. Saa nane mchana gari lililobeba jeneza likaondoka.