Kama Ungo Wangu

Juzi magharibi, hapa Kiembeni ninapokaa, watoto wa ploti yetu walipiga ukelele hata nikaacha samaki kwenye mafuta nikatoka mbio. Nilidhani mtu kaanguka ghorofani. Kumbe ni angani. Taa nyingi zimejipanga mstari mmoja, zaenda polepole bila sauti, zimetokea upande wa bahari zaelekea Mwakirunge. Rafiki yangu, we acha tu. Harufu ya samaki akiungua ilinifikia pale pale niliposimama, na miguu ikakataa kurudi jikoni.

Kila mtu alikuwa na lake. Kijana wa ghorofa ya juu, simu mkononi, akasema hao ni watu wa sayari nyingine wamekuja kutukagua. Fundi wa stima akamcheka: hizo ni setilaiti za mtandao, hurushwa kwa pamoja kabla hazijatawanyika, na jua lililotuchwea sisi huku chini bado lazimulika kule juu. Soja wa getini akashikilia ni ndege zasubiri kushuka Changamwe. Mwingine akataja droni za harusi, mwingine nyota ya Zuhura, ambayo Mungu aliumba moja tu. Wakabishana, wakacheka, wakapiga picha. Binti yangu akanivuta leso.

"Mama, waziona? Zafanana na nini?"

Jambo dogo vile, kusema kitu cha angani kinafanana na nini, ndilo lililomkata Hawe wangu vidole.

Hawe ni bibi, kwa lugha ya kwetu. Ndiye aliyenilea, huko Mwakirunge, karibu na timbo wanakochonga mawe ya kujengea nyumba zenu hizi. Vumbi lake jeupe lilikuwa kwenye kila kitu: kwenye majani ya mpapai, kwenye maji ya kunywa, kwenye kope za wachonga mawe wakirudi jioni. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, kiwanja kimefagiwa hata kuku waona haya kukitifua. Asubuhi niliamshwa na sauti moja tu, chwa, chwa, chwa, Hawe anapepeta. Hakuna aliyepepeta kama yeye mtaani. Watu wakiwa na harusi walimletea magunia ya mchele, naye alikaa na ungo wake mapajani, anarusha, anapokea, makapi yanaruka zake. Ukingo wa ungo ule ulikuwa umekatika zamani, akaufunga upya kwa waya aliouokota timboni. Mchana tulikula sima na mboga chungu, ile ambayo ukiwa mtoto unailia machozi na ukiwa mtu mzima unaililia. Mimi naililia sasa.

Nywele zake zilikuwa mvi tupu. Na kwetu, nisikufiche, mvi hizo ni hatari. Wazee wa rika lake walijipaka piko nywele zikawa nyeusi, si kwa urembo, kwa kuogopa kuuawa. Mzee akiwa na mvi na macho mekundu, mtoto wa mtu akifa, atatafutwa yeye. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi ambaye mwanawe wa pekee alikuwa mchonga mawe, alimletea piko mara nyingi. "Jipake, mama, watu wabaya." Hawe alicheka. "Mvi hizi nimezifanyia kazi mimi. Nizifiche nimeiba?"

Basi jioni moja Hawe alikuwa uani anamalizia mahindi, jirani yuko upande wa pili wa ua amekalia mbuzi anakuna nazi. Hawe aliinua uso kupuliza makapi, akaiona. Ilikuwa taa ya rangi ya chungwa, duara, yapanda na kushuka kimya kimya, yatokea upande wa hoteli za Bamburi.

"Jirani! Hebu tazama juu! Kitu chapita, duara kama ungo wangu!"

Jirani akatoka, kifuu mkononi, akakodoa macho. "Haya kakichukue, upate wa pili!" Wakacheka wale wanawake wawili hata Hawe akamwaga mahindi. Mimi niliruka ruka, najaribu kuishika. Ikateremka nyuma ya timbo, ikazimika, nasi tukarudi kwenye kazi zetu.

Jirani alipokwenda mferejini alisimulia kicheko kitupu. Nilikuwa nyuma yake na kidumu changu, na alisimulia sawasawa: kama ungo wangu. Lakini watu wa mferejini hupokezana maneno vile wapokezanavyo ndoo, kila mkono humwaga kidogo. Lililomwagika ni lile neno "kama". Ilipofika mwisho wa foleni ilikuwa: yule bibi kasema ule ungo wake wapita. Na sote twajua, tumelelewa nalo, ni nani anayesafiri angani kwa ungo.

Hata hivyo lingepita. Ingebaki hadithi ya mferejini. Lakini kesho yake adhuhuri ukuta wa timbo ukaporomoka. Tajiri wa timbo alikuwa akiwachimbisha kwa chini, juu kwaning'inia, na wachonga mawe walikuwa wakilalamika kila siku. Kijana wa jirani alikuwa chini yake. Walimfukua kwa mikono na mitaimbo, wakamtoa kichwa kimebondeka, na mama yake wakamzuia asimwone, akawaponyoka akamwona. Kilio kile nimekisikia mara moja tu maishani na sitaki cha pili.

Tajiri hakutia mguu matangani. Hakuna aliyeuliza ukuta ulichimbwaje. Walichouliza ni kimoja: jana jioni, ungo ulioshuka timboni ulikuwa wa nani?

Walikuja wakitoka kuzika, siku ile ile alasiri, jua bado kali. Niliwasikia kabla sijawaona. "Mutsai! Mchawi! Atoke!" Jiwe la kwanza liliua kuku. La pili lilinipiga mimi bega. Kisha wakaingia wote, na wallahi niliwajua wote, watu niliowaamkia shikamoo asubuhi ile ile. Mmoja alimkatakata mbuzi wetu aliyefungwa kwenye kamba, mbuzi analia kama mtoto, na huyo mtu anaendelea kukata hata pasipo cha kukata. Mwingine akatia kiberiti kwenye makuti. Hawe alikuwa amekaa palepale, ungo mapajani. Wakamkamata kwa zile mvi zake, wakamburura kwenye mahindi yake.

"Wanangu," aliwaambia, "nimewakosea nini? Wewe, si mimi niliyekupepetea mchele wa harusi yako?"

Yule aliyeambiwa ndiye aliyempiga teke la mdomo.

Nilimrukia nikamng'ata paja. Nikang'ata mpaka meno yakakutana, mdomo ukajaa damu na vumbi la timbo, akanitupa ukutani. Na nakwambia leo, mtu mzima mwenye watoto, sijuti, ningempata tena ningemng'ata tena.

Hapo akafika mwalimu wetu, mbio, shati limelowa jasho. Mwalimu huyu ndiye aliyetufundisha majina ya sayari kwa machungwa na ndimu. Alikuwa amekwenda nyuma ya timbo mwenyewe, kutafuta kilichoanguka, na alikipata. Akakiinua juu wote wakione: duara la waya, lina vipande vya karatasi iliyoungua.

"Jamani, nisikizeni! Ni taa ya karatasi hii! Wageni wa hotelini huziwasha harusini. Moto ukiwaka ndani, hewa yapata joto, taa yapaa, upepo wa bahari waileta huku! Si uchawi! Hii hapa!"

Wakasita. Wote, hata aliyekuwa na panga. Wakalitazama lile duara la waya mkononi mwa mwalimu, nami nikamshukuru Mungu, nikajua tumepona.

"Ndio wenyewe!" mtu akasema. "Si mnauona waya wa ukingoni? Ungo wake si umefungwa waya? Ndio huo, umeungua!"

Mwalimu hakupata kufumba mdomo. Jiwe lilimkuta meno yote yako wazi. Akaanguka, wakampita juu kwa viatu, na panga likainuliwa. Hawe akaweka mkono mbele ya kichwa, vile mtu yeyote angefanya. Vidole vyake vikaanguka kwenye mahindi. Nilivitazama na akili yangu ya mtoto ikasema, viokote, vitachanganyika na mahindi.

Panga likapanda tena. Ndipo akatokea jirani. Mama wa marehemu, leso ya msiba yaburuzika nyuma yake, udongo wa kaburi magotini. Akajitupa juu ya Hawe, mwili mzima, akapiga ukelele:

"Alisema *kama*! Alisema *kama* ungo wangu! Mimi ndiye niliyemsikia! Mwanangu kauawa na jiwe! Nikateni na mimi!"

Hawakuweza. Walikuwa wanaua kwa jina la mwanawe, na mwenye mwana ndiye huyo amelala chini anawakataza. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mmoja alirudi, nikadhani aja kusema pole, kumbe alisahau kofia.

Nyumba iliungua ikaisha. Ungo uliungua, ukabaki waya wake, duara, na ukiuweka kando ya ule wa mwalimu usingejua upi ni upi. Tukahamia Changamwe kwa shangazi, kwenye honi za malori na harufu ya mafuta mazito. Hawe hakupepeta tena; kwa mkono ule angeushikaje ungo? Alichagua mchele kwenye sinia, punje kwa punje. Na akajipaka piko. Kila mzizi mweupe ulipochomoza aliniita nimpake.

Lakini lililoniuma zaidi ni macho yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza siku zote kuuona mwezi mwandamo, akituita tuje tuone. Changamwe, hata mwezi mpevu ukiwa juu ya bati, ukimwambia, "Hawe, tazama," ajibu, "Sioni kitu, mwanangu. Macho yangu mabovu." Macho hayo hayo yaliona kijiwe kimoja ndani ya sinia zima la mchele. Mpaka alipokufa hakuona tena kitu chochote angani. Tulimzika na nywele nyeusi tii, za msichana.

Siku hizi timbo lile limeachwa, lina maji ya kijani. Palipokuwa na nyumba yetu pananuka jaa. Mchele waja kwenye pakiti, umeshapepetwa na mashine, na ungo nimeuona mara ya mwisho ukutani mwa hoteli moja ya Bamburi, umetundikwa kuwa pambo, wageni wapiga picha mbele yake. Nilisimama mbele yake hata mhudumu akaniuliza kama nimepotea.

Juzi basi, binti yangu kaning'ang'ania. "Mama! Zafanana na nini?" Ulimi wangu ulikuwa na jibu tayari, sioni kitu, mwanangu. Nikalimeza. Sikutaka naye arithi macho mabovu. Nikainama nikamwambia, taratibu, kila neno mahali pake: "Ni kama shanga zangu. Umesikia? *Kama* shanga zangu."

Akachomoka kwenda kwa wenzake katikati ya kiwanja, akapaza sauti ploti nzima ikasikia:

"Mama asema zile ni shanga zake!"

Watu wakaangua kicheko. Nikabaki nimesimama mlangoni, nyuma yangu samaki amekuwa mkaa, nawatazama mmoja mmoja, natafuta asiyecheka.