Saa ya mkononi imemuumbua Baba Neema

Nyie, kumbe nimeolewa na mwigizaji.

Tangu Neema azaliwe, usiku akilia naamka mimi. Baba yake anakoroma tu. Mama mkwe akaniambia nimwache, mtu akitoka kwenye majaruba ya mpunga hata nyumba ikiungua hasikii.

Nikaamini. Nikawa namtoa mtoto nje asimsumbue.

Sasa watu wa utafiti wa usingizi walitufunga sisi wawili vile visaa vya mkononi vinavyorekodi mwili ukisogea. Leo tumevirudisha zahanati hapa Majimoto. Dada wa utafiti akafungua michoro kwenye kompyuta.

"Mama Neema, hapa uliamka. Hapa tena."

Akaweka mchoro wa mume wangu chini ya wangu.

"Na baba naye yuko macho hapo hapo. Kila ukiamka. Hongereni, mnasaidiana malezi."

Nikamgeukia mwenzangu. Baba Neema anaangalia dari.

Njiani nikamuuliza. "Huwa nageuka tu, mke wangu."

Na kule kukoroma je? Akaongeza mwendo.

Saa hizi ni mchana, nimejilaza na simu yangu. Neema analia sebuleni. Baba yake ananiita.

Nakoroma.