Kitambaa cha Sakitu

Weka sindano chini kidogo, mwanangu, usogeze kiti karibu nami. Umeniuliza mara nyingi kuhusu kile kitambaa cha bluu kwenye kiti cha pembeni, kile ambacho kila mgeni anayefika hapa Kiamunyi hukisifu. Leo nitakueleza.

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, kwetu huko juu ya Gilgil. Nilikuwa nikishona vitambaa vya viti, kwa maana msichana aliyekaribia kuolewa alipimwa kwa vitambaa vyake. Shosho, aliyemzaa mama yangu, ndiye aliyenifunza.

Sakitu ilikuwa imeanguka. Wewe umekulia mjini, kwa hivyo nikufafanulie: ni umande unaoganda juu ya majani mpaka shamba lote linakuwa jeupe. Sakitu huanza kuua, lakini jua ndilo humaliza. Likiyagusa majani yangali yameganda, yanakuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Ndiyo maana watu wa kwetu huamka mapema kuyanyunyizia maji, mstari kwa mstari, ili barafu iyeyuke kabla jua halijafika.

Mama alikuwa anapeleka maziwa barabarani. Aliniachia pipa la maji na debe lenye matundu.

"Anzia juu, huko jua hufika kwanza," aliniambia. "Na usicheze. Hivyo viazi ndivyo tutakula mpaka Krismasi."

Nilinyunyizia mistari mitatu. Katika wa nne nikaona jani moja. Barafu ilikuwa imefuata kila mshipa na kupanga vijiti vyembamba ukingoni, kama mishono ya mtu mwenye subira kunishinda. Nikatoa kile kitambaa cha bluu mfukoni, nikatoa penseli, nikapiga magoti. Nilitaka kulichora kabla halijayeyuka.

Jirani yetu, Mama Njoki, akaniona kutoka ng'ambo ya ua.

"We msichana! Unaandika barua ya mapenzi na jua liko hapo?"

"Dakika mbili tu, mathe!"

"Haya. Utamwambia huyo kijana akuje mle majani."

Nilicheka. Nilipoinua kichwa, mwangaza ulikuwa umeteremka nusu ya shamba. Nilikimbia na debe, nikamwaga maji ovyo. Kufikia saa nne mimea ilikuwa imelala chini, myeusi tupu, ikitoa harufu ya mboga iliyooza.

Mama hakunipiga. Alizunguka shamba mara moja, akaingia ndani. Wiki iliyofuata alienda Naivasha kufanya kibarua cha kukata maua, ili apate cha kututumia. Nikabaki na Shosho.

Kifua cha Shosho kilikuwa kibovu tangu zamani. Tuliishi kwa uji mwepesi, na baridi haikutuachilia. Siku moja nilikichukua kile kitambaa nikitupe motoni. Akanishika mkono.

"Kimalize," alisema. "Viazi hatuna, mama yako hayuko. Ukichoma hiki utakuwa umetuachia nini? Lakini ukishona, kumbuka ulikuwa unatazama kitu kinachokufa."

Akanielekeza hapo hapo: uzi mweupe, uutenganishe ubaki unyuzi mmoja tu, uanze kwenye mshipa wa kati utoke nje, mshono mfupi, usivute sana. Nilikuwa bado kwenye pembe ya kwanza alipofariki, akimwita mama yangu. Mama alifika kesho yake.

Siwezi kusema ni viazi vilivyomuua. Alikuwa mzee, na alikuwa mgonjwa. Lakini binti yake hakuwepo, na sababu ya kutokuwepo kwake naijua mimi.

Sikukatazi kupenda kitu kizuri, mwanangu. Una jicho zuri, na mkono wako umeanza kutulia kuliko wangu wakati ule. Ila kizuri kikikuita huku kuna kilicho hai kinakungojea, kingojeshe hicho kizuri. Sakitu ilirudi mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine. Ningeichora mara mia. Shosho hakurudi.

Mungu akupe mikono mitulivu, akupe na nyumba isiyokosa chakula, na wako wawe karibu utakapowaita.

Umesema wiki ijayo unaenda kwa shangazi yako huko juu ya Gilgil. Ukiamka ukute shamba ni jeupe, nyunyizia mpaka mstari wa mwisho. Jani moja tu la ukingoni liache bila maji. Hilo ndilo uchore.