Kahawia Hafifu

Fundi wa maabara hajui jina la mgonjwa hata mmoja. Anajua namba tu. Huinamia hadubini, vidole vikisokota ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akitazama rangi ya kahawia ikielea ndani ya seli kama chai inayoanza kukolea. Rangi hiyo huonyesha protini inayoshikamana na RNA, molekuli inayobeba maagizo ya jeni. Ikikolea, saratani hutazamiwa kuwa kali. "Mbili," hunong'ona alama ya ukolevu, "tatu," kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Asubuhi moja alifika kwenye namba aliyoibandika mwenyewe kwenye kichupa cha sampuli ya dada yake. Vidole vikaacha kusokota. Aliona kahawia hafifu, hafifu kabisa. Hakuandika kitu. Akamgeukia mwenzake. "Hii nisomee wewe, ndugu yangu. Macho yangu leo yanaona yanachotaka."