Fomu Niliyomjazia Bibi

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na kwa kuwa nakuona unafunga mkoba wa fomu kwenye pikipiki uende Kasokola, ngoja nikusimulie kabla hujaondoka. Wazee wa kule hawakimbii. Wangekuwa wanakimbia, usingekuwa na utafiti.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni kama wewe. Likizo ile ndefu mhadhiri wetu alinituma hukohuko Kasokola kwa wanawake wazee, nijue mifupa yao ina nguvu gani na nini kinawaangusha. Nilikuwa na kifaa cha kubana kwa kiganja, cha kupimia nguvu za mkono, bunda la fomu, na majivuno ya kutosha. Kila nyumba nilikaa saa nzima. Niliuliza, nikashika mikono yao, nikawatazama wakiinuka kwenye kigoda. Nikikuta jiwe baya mlangoni, naling'oa mwenyewe. Walinibariki, nami nikarudi kwetu Kawajense kichwa kimevimba.

Nyumbani alikuwepo Bibi aliyenilea, aliyehamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani. Kila jioni aliniwekea maziwa ya mgando na kuuliza, "Leo umewapima akina nani?" Nilimjibu huku nakula, macho kwenye karatasi. Ikabaki fomu moja. Nikaandika jina lake, nikaijaza mwenyewe bila kumuuliza. Si namjua? Amewahi kuanguka: hapana. Anaogopa kuanguka: hapana. Nguvu za mkono nikakisia, tena kwa mapenzi nikamzidishia.

Mganga hajigangi, mwanangu. Wiki haikuisha, Bibi akajikwaa kwenye kizingiti cha jiko letu, kilekile nilichokiruka kila asubuhi nikienda kung'oa mawe ya watu. Nyonga ikavunjika. Ndipo jirani akaniambia kwamba mwezi ule Bibi alishaanguka pale mara mbili, akamwomba asiseme. Kwetu wafugaji, mzee akijulikana anaanguka hukatazwa kwenda zizini, na Bibi bila ng'ombe wake angejiona mgeni.

Nikaenda kitandani kwake na ile fomu, nikakiri. Akataka nimsomee. Nikamsomea, hapana baada ya hapana.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto, "ungeniuliza ningekudanganya. Ningesema sijaanguka. Lakini si ungekaa? Wale wa Kasokola umewapa saa nzima, umewashika mikono. Mimi kila siku nilikuwa nanawa mikono, nangoja zamu yangu."

Nikamshika mkono, tukaanza upya swali la kwanza, na hatukumaliza mpaka mchana. Jioni nikakibomoa kizingiti. Kilinifaa nini? Majuto ni mjukuu. Bibi hakurudi zizini tena, na baada ya masika mawili tulimzika. Ile fomu ya uongo sikuipeleka chuoni. Ninayo mpaka leo. Nami namkumbuka sana Bibi, mwanangu. Nikisikia maji yanamwagika uani, mtu akinawa, bado nageuka.

Basi nenda. Wazee wa watu waulize kwa heshima, wala jibu la kwanza usiliandike upesi, maana mzee husema hajambo hata akiwa hoi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ukiona kizingiti kibaya, kiondoe kabla hakijamwangusha mtu. Lakini anza na wa kwenu. Usiseme unamjua. Unayemjua sana ndiye unayesahau kumtazama, na huyo ndiye atakayekuficha maumivu yake ili usihangaike.

Mungu aitie nguvu mifupa yako. Akupe miguu isiyojikwaa, na siku ukizeeka akupe mtu wa kukaa nawe saa nzima.

Kisha, kabla hujawasha hiyo pikipiki, toa fomu moja uje uketi hapa. Mikono nimeshanawa.